Wino wa printa hauishii kwenye karatasi

Jirani yetu mmoja, mama mwalimu wa sekondari, alinipigia jioni moja, shikamoo marahaba zikapita haraka haraka maana alikuwa na hasira zake. "Mwanangu njoo uniangalizie hili dude, linakunywa wino kuliko sisi tunavyokunywa chai." Nikaenda. Printa yenyewe ni zile ndogo za katriji mbili, nyeusi na ya rangi, iko mezani sebuleni imefunikwa kitambaa, safi kabisa. Nikamuuliza, mama, tangu ununue katriji hizi umeprinti kurasa ngapi? Akahesabu kwa vidole: mtihani wa nusu muhula, barua mbili, fomu ya mtoto. Hazifiki 30. Na printa inasema wino hamna.

Sasa hapo ndo huwa naanzia kila mtu akinilalamikia wino, kwasababu dhana kubwa kuliko zote ni kwamba wino unaisha kwa kuprinti, kwahiyo usipoprinti unaokoa. Kwa printa za injeti, yaani hizi za wino wa maji, karibu ni kinyume chake. Ndani kuna hedi yenye vitundu vyembamba kuliko unywele, na wino ukikaa pale bila kutoka unaganda kama uji pembeni ya sufuria. Printa inalijua hilo, kwahiyo kila baada ya muda, na mara nyingi ukiiwasha tu, inajisafisha: inavuta wino kupitia vile vitundu na kuutupa. Unatupwa wapi? Kwenye sponji lililolala chini kabisa ya printa. Siku ukimkuta fundi ameifungua ya miaka mitatu minne, chungulia. Sponji limelowa jeusi tii, ukiligusa vidole vinakaa na wino siku tatu hata usugue na Omo. Ile yote ni hela yako, na hakuna herufi hata moja iliyoandikwa nayo.

Afu printa ina kaunta inayohesabu sponji limejaa kiasi gani. Ikifika kikomo inagoma, taa zinawaka kama disko, watu wanadhani imekufa wanaiuza bei ya kutupa. Haijafa. Kuna programu za kurudisha kaunta kwenye sifuri, ila anayekurudishia kaunta bila kubadilisha sponji amekuachia mzigo, siku moja utakuta meza ya mkeo ina doa jeusi la kudumu. Baadhi ya modeli za sasa hivi zina kiboksi cha kuchomoa, unanunua kingine unaweka mwenyewe, hapo wamefanya jambo la maana.

Nikiwa bado pale kwa mama, nikamwona anazima printa kwa swichi ya ukutani. Tap. Nikamwambia mama, ugonjwa ni huo. Anasema si naokoa umeme? Umeme wa printa iliyolala ni mdogo sana, lakini hedi ikimaliza kazi inatakiwa irudi pembeni ikae juu ya kifuniko cha mpira kinachoziba vile vitundu visipigwe na hewa. Ukizima kwa kitufe chake inarudi yenyewe, utasikia krr krr inajipanga, ikitulia ndo uende ukutani. Ukiikata ghafla hedi inaweza kubaki katikati ya njia, mdomo wazi, na vumbi hili la kwetu, kesho yake wino umekauka na ukiwasha inajisafisha tena kwa nguvu. Na printa nyingi zikikatwa umeme kabisa hazijui zimelala muda gani kwahiyo zikiwaka zinaanza na usafi kwanza. Ukizima ukutani kila siku unaiogesha kila siku. Umeme ukikatika wenyewe katikati ya kazi huna la kufanya, ila ukirudi iwashe printa hata kama huna cha kuprinti, iache irudi kwake, afu izime vizuri kwa kitufe.

Cha pili, na hiki nimekibishania mpaka kwenye daladala: "printa ya bei rahisi ndo ya mtu wa kipato cha chini." Aisee. Chukua katriji kama HP 123 nyeusi ile ya kawaida, kampuni yenyewe inasema inatoa kurasa kama 120. Tuseme umeipata kwa 40,000, gawa mwenyewe, ni zaidi ya shilingi 330 kwa ukurasa mmoja mweusi bila karatasi. Steshenari ya mtaani kwetu wanaprinti kwa 200 na karatasi ni yao! Sasa njoo kwa printa za tenki, zile unazomimina wino wa chupa badala ya kuweka katriji: chupa ya wino mweusi ya Epson 103, mililita 65, wanaihesabia kurasa kama 4,500. Hata ukiinunua 40,000 hiyo hiyo, ukurasa haufiki shilingi 10. Printa za tenki ni ghali kuzinunua kwasababu faida yao wanaichukua mwanzoni, zile ndogo wanakuuzia kwa bei ya kutupa afu wanakungojea kwenye katriji. Na hizo kurasa zinapimwa kwa kuprinti mfululizo na maandishi ya kawaida, sio picha ya harusi, na sio wewe unayeprinti mbili leo na moja baada ya wiki tatu. Chupa za kwanza kabisa pia zinatoa pungufu maana wino mwingine unajaza mipira ya ndani.

Lakini usikimbilie tenki kabla hujajua unaprinti kiasi gani, kwasababu hapo kuna dhana nyingine imejificha, kwamba tenki ni dawa ya kila mtu. Tenki ni injeti tu. Ukiiacha miezi miwili hedi inaziba vilevile, na kwenye Epson hedi ni ya printa sio ya katriji, ikiharibika bei yake inakukaribisha kununua printa nyingine. Mtu anayeprinti mara moja moja, na ni maandishi meusi, namwambia siku zote atafute leza nyeusi, ile inayotumia tona badala ya wino wa maji, hata ya mtumba. Tona ni unga, haikauki, unaweza kuiacha mwaka mzima ukirudi inatoa ukurasa mweusi safi kama jana. Tona ya 85A, ile ya leza ya HP P1102 iliyojaa maofisini, ni kurasa kama 1,600 ikiwa ukurasa umefunikwa asilimia 5 hivi, na mafundi wanaijaza, ingawa ukiijaza mara mbili tatu dramu, yaani ile silinda ya ndani inayopeleka unga kwenye karatasi, inachoka na unaanza kuona mistari au kivuli. Kingine, tona inayokuja ndani ya leza mpya mara nyingi ni ya kuanzia tu, haijajaa, usiitumie kupiga hesabu zako. (Unga ukimwagika usioshe kwa maji ya moto, unayeyuka na kuganda kwenye kitambaa. Futa na kitu kikavu kwanza. Niulize mimi na shati langu.)

Tuje kwenye seting. Watu wanachagua greskeli, yaani kuprinti kwa weusi na kijivu tu, wakiamini rangi zimelala. Sio lazima. Printa nyingi zikiambiwa greskeli zinatengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi, kwahiyo unaprinti barua nyeusi na katriji ya rangi inapungua kimya kimya. Tafuta ile inayosema itumie wino mweusi peke yake, kwenye HP nyingi ipo ukiingia ndani ya mipangilio. Na drafti, ile seting ya kuprinti kwa wino kidogo, itumie kwa kila kitu ambacho hakiendi kwa bosi. Kuprinti mbele na nyuma kunaokoa karatasi, wino haujali ni upande gani. Ila kurasa mbili kwenye upande mmoja zinaokoa vyote, kwasababu herufi zimepunguzwa na eneo la wino linabaki kama nusu, noti za shule zinasomeka vizuri tu.

Fonti je? Ipo stori ya kweli hapa, mwaka 2010 chuo kikuu cha Wisconsin kule Green Bay, Marekani, walihama kutoka Arial kwenda Century Gothic kwenye barua pepe zao ili kuokoa wino. Mistari yake ni myembamba kweli. Ila ni fonti pana, barua ya ukurasa mmoja inaweza kumwagika mpaka wa pili, na karatasi ni hela. Mwaka 2014 ikaja zamu ya Garamond, ikatangazwa sana, wataalamu wa herufi wakasema sehemu kubwa ya kinachookolewa ni kwasababu Garamond ni ndogo kwa saizi ile ile. Yaani punguza saizi ya Arial yako tu. Mimi kwenye fonti sipotezi muda.

Kuhusu ule ujumbe wa wino kuisha, wengi wanauchukulia kama neno la daktari. Kwenye katriji nyingi ni makadirio, printa inahesabu matone iliyorusha, haichungulii ndani. Ukibonyeza endelea unaweza kupata kurasa za kutosha tu. Lakini usiende mpaka ukavu kabisa, hasa kwa HP na Canon za katriji, maana hedi zake zinarusha wino kwa kuuchemsha kidogo na wino ndo unaoipoza. Bila wino inaungua, na katriji iliyoungua hata ukiijaza haitoi kitu. Maandishi yakianza kufifia, simama hapo hapo.

Na kujaza kunaua printa? Hapana, kinachoua ni wino usio wake. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka na kuna wenye chembechembe, na Canon nyingi za tenki nyeusi yake ni ya chembechembe wakati rangi ni za kuyeyuka. Anayekuuzia chupa moja "ya printa zote" anakuuzia kuziba. Na sindano usisukume kama unachoma ng'ombe chanjo, taratibu, wino ukianza kupanda juu acha. Kampuni nazo hazina mikono safi: Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilianza kukataa katriji zisizo za HP kwa sababu ya programu iliyokuwa ndani yake, wakaomba radhi, na mwaka 2020 Italia ikawapiga faini ya euro milioni 10. Ndo maana printa ikikuuliza kama isasishe programu yake na wewe unatumia katriji za kujaza, mimi ningebonyeza hapana.

Ambao mnaletewa printa na ndugu kutoka Ulaya, soma namba ya katriji kabla hujashukuru. Familia moja ya katriji inaitwa 63 Marekani, 302 Ulaya, na 123 huku kwetu Afrika na Uarabuni, zinafanana kama mapacha na printa ya upande mmoja inaikataa ya upande mwingine.

Mwisho wa yote, kitu kimoja cha bure: ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Na maandishi yakitoka na mistari, chapa kwanza ule ukurasa wa kukagua vitundu, safisha mara moja au mbili, ikigoma izime iache ilale mpaka asubuhi wino ujilegeze. Nimeona mtu amebonyeza kusafisha mara nane mfululizo, katriji mpya, akamaliza robo yake kwenye sponji akiwa ananiangalia.

Mama mwalimu alinunua leza nyeusi ya mtumba, mitihani anatoa nyumbani, ramani za rangi anapeleka steshenari. Ile ya zamani bado iko pale pale na kitambaa chake, anaiskania vyeti, na ana bahati yake inakubali, maana zipo zinazogoma hata kuskani kisa wino hamna.