Anayekukwaza Kwenye Kamati Ana Karama Yake

Katika kazi yangu ya kuwafundisha viongozi wa makanisa, malalamiko ninayoletewa mara nyingi si ya mafundisho, ni ya watu. Mwinjilisti analalamika kwamba mhazini anamzimisha Roho. Mhazini naye anasema mwinjilisti huanzisha mambo bila hesabu. Anayewatembelea wagonjwa anawaona wote wawili wana mioyo migumu. Kila mmoja huniomba nimsaidie kumbadilisha mwenzake, nami hukataa.

Tutenganishe mambo mawili. Hulka ni namna mtu alivyo: mpole au mkali, msemaji au mkimya. Karama ni uwezo ambao Roho humjalia aaminiye, na 1 Wakorintho 12:7 inasema hutolewa kwa kufaidiana. Karama haifuti hulka, hufanya kazi kupitia kwayo. Ndiyo maana walimu wawili wenye karama ileile, mmoja atachambua mstari kwa mstari, mwingine atasimulia, na kila mmoja atawafikia wasikilizaji ambao mwenzake hawapati.

Kule Korintho, kunena kwa lugha kulitukuzwa kupita kiasi. Paulo, akiwaandikia kutoka Efeso katika miaka ya 50, akayaweka masaidiano na maongozi katika orodha moja na miujiza na uponyaji (12:28). Sisi tungeyaita hayo kazi za ofisini na za jikoni, yeye akayaita karama.

Ila andiko ninalolirudia zaidi darasani ni Warumi 12:8. Mwenye kukirimu, akirimu kwa moyo mweupe. Mwenye kusimamia, asimamie kwa bidii. Mwenye kurehemu, afanye hivyo kwa furaha. Nadhani Paulo alijua kila karama inapochokea. Mtoaji hujaribiwa kununua sauti kwenye vikao. Msimamizi, akishazoea cheo, hulegea. Mwenye rehema hubeba machozi ya watu mpaka uso wake unakunjamana, na mgonjwa akimwona anaanza kujihisi mzigo. Na mara nyingi mwenye karama ndiye wa mwisho kuliona hilo. Huliona mwenzake, hasa yule asiyefanana naye, na hapo ndipo kukerana kunapoanza.

Mtazame Barnaba. Sauli, ambaye ndiye Paulo, alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa; Barnaba akamchukua akampeleka kwa mitume (Matendo 9:27). Baadaye akamfuata mpaka Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Bila jicho la Barnaba la kumwona mtu ambaye wengine wamemkataa, sijui kanisa lingempokeaje Paulo. Lakini jicho hilohilo ndilo lililowafarakanisha. Yohana Marko alikuwa amewaacha njiani huko Perge. Barnaba akataka kumpa nafasi nyingine, Paulo akakataa kumchukua mtu aliyeiacha kazi. Wakagombana mpaka wakaachana: Barnaba na Marko wakaenda Kipro, Paulo akaondoka na Sila.

Wahubiri wengi huharakisha kutafuta nani alikosea. Mimi naona wote wawili walikuwa wanalinda kitu cha kweli. Paulo aliilinda kazi, Barnaba alimlinda mtu. Kanisa lenye akina Paulo peke yao litafika mbali likiwa limewaacha majeruhi njiani. Lenye akina Barnaba peke yao halitaondoka kituoni. Na katika 2 Timotheo 4:11 ni Paulo mwenyewe anayeagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Huyo Marko anayefaa alipitia mikononi mwa Barnaba.

Kwa hiyo, mwenyekiti wa kamati, kabla ya kupitisha azimio, muulize kwanza yule ambaye hajasema neno. Kisha muulize anayepinga anaogopa nini kitaharibika. Iandike hofu yake kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno yake mwenyewe, na mkikubaliana kuendelea na mpango, mkabidhini yeye kazi ya kuilinda sehemu hiyo.