Kwa Nini Masikio Huvuma Zaidi Mahali Penye Utulivu?

Mtu anayesikia mlio masikioni, ule wa "nziii" usiotoka popote nje, akiondoka Kariakoo kwenda kupumzika kijijini, ndugu watamwambia amefanya la maana: masikio yamechoka na kelele, yakipata utulivu yatapona. Usiku wa kwanza, taa zikishazimwa na mbwa wakanyamaza, mlio unamjia kwa nguvu kuliko ulivyokuwa mjini. Anaamka akiamini ugonjwa umezidi. Mara nyingi haujazidi hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali alipolala.

Imani kwamba ukimya ni dawa ya masikio yanayovuma imeenea mno, na si rahisi kuiondoa kwa sababu nusu yake ni kweli. Kelele huharibu masikio. Kazini, mpaka unaotumika sana ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama hupungua kwa nusu. Anayeshinda kwenye mashine ya kusaga, au anayekesha mbele ya spika za harusi, ana kila sababu ya kujikinga. Lakini kuzuia madhara ni jambo moja, kutuliza mlio uliokwisha kuanza ni jingine kabisa. Kwa hili la pili ukimya hausaidii. Unauacha mlio peke yake, bila cha kuufunika.

Hata wenye masikio mazima huupata. Mwaka 1953 Wamarekani wawili, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri, mmoja mmoja, katika chumba kisichopitisha sauti, wakawaambia waandike wanachosikia. Asilimia 94 waliandika kitu: mvumo, mluzi, mlio wa wadudu. Tafiti za baadaye zilipata idadi ndogo zaidi, na ni haki kusema kwamba ukimwambia mtu asikilize, atasikiliza. Huko Brazili watafiti walilipima hilo lenyewe. Waliotakiwa kutega sikio chumbani, zaidi ya nusu walisikia sauti. Walipopewa fumbo la kuchezea mikononi, aliyesikia alikuwa kama mmoja kati ya watano. Chumba kilikuwa kilekile.

Sauti hiyo inatoka wapi basi? Ndani kabisa ya sikio, kwenye koklea, kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Sauti ikiingia vinyweleo huinama, na ishara ya umeme hupita kwenye neva hadi ubongoni. Kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena, na kwa kawaida zinazopokea sauti nyembamba ndizo hutangulia. Ubongo unabaki ukingoja ishara ambazo haziji.

Hapo hufanya kama msikilizaji wa redio ya betri anayetafuta kituo cha mbali. Matangazo yanafika kwa kufifia, naye anakaza sauti. Anapata maneno mawili matatu ya mtangazaji, ila na ule mkwaruzo wa redio yenyewe unapanda pamoja nayo. Akikaza zaidi, mkwaruzo unajaa chumba. Mkwaruzo huo ulikuwapo tangu mwanzo, ni mdogo tu. Neva za kusikia nazo hazinyamazi kabisa hata pasipo sauti yoyote, na ubongo ukikaza, shughuli yao hiyo husikika kama mlio. Haya ni maelezo yanayokubalika na wengi, ingawa hayaelezi kila mgonjwa: wapo wenye upotevu mkubwa wa kusikia wasio na mlio wowote.

Ushahidi mzuri wa kukaza huku ulitoka Uingereza mwaka 2012. Watu 18 wenye masikio mazima walizibwa sikio moja kwa siku 7. Kati yao 14 walianza kusikia milio. Hakuna seli iliyouawa. Sikio lilinyimwa sauti tu, ubongo ukakaza. Ndiyo maana kukaa siku nzima na vizibo masikioni, mahali pasipo na kelele, kunaweza kumwongezea mtu adha anayoikimbia.

Kwa hiyo feni inayozunguka, mvua juu ya bati au redio ya chini chini humpa mgonjwa nafuu usiku, na kifaa cha kusaidia kusikia huwafaa wengi waliopoteza usikivu. Sauti hiyo isizidi mlio. Iwe chini yake kidogo, ubongo upate cha kushika. Wapo pia wanaolaumu baridi na unyevunyevu wa pwani kwa mlio huu, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Ndegeni ni tofauti: shinikizo la hewa hubadilika, na mwenye mafua asipoweza kuzibua masikio huongezewa mvumo kwa muda. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaujua mvumo mwingine, unaoletwa na dawa yenyewe na kwa kawaida huisha dozi ikiisha.

Upo mlio mmoja usiohusiana na haya yote: unaodunda sambamba na mapigo ya moyo. Huo mara nyingi ni sauti halisi, ya damu ikipita kwenye mishipa iliyo karibu na sikio, na wakati mwingine daktari huisikia kwa kifaa chake cha kifuani akikiweka shingoni. Mwenye mlio huo, au ulio sikio moja tu, au aliyepoteza usikivu ghafla, asihangaike na feni. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa aliyepoteza usikivu ghafla, aende siku hiyohiyo.