Barney Ross: tunayosimuliana na yaliyotokea kweli

Nimechoka kusikia stori ya Barney Ross, bondia Myahudi wa Marekani aliyekuwa bingwa wa dunia miaka ya 1930, ikipigwa nusunusu, yaani mtu anakwambia kwa kujiamini kabisa kwamba jamaa alipigwa KO (kaangushwa asiinuke) na bondia mwenzake Henry Armstrong, af akawa teja, basi, maisha yote ya mtu yameisha kwa maneno kumi. Huyu bondia nampenda toka zamani na nimemsoma sana, na inaniuma, kwa hiyo wacha niyaweke sawa yale ninayoyasikia mara kwa mara.

"Wayahudi na ngumi wapi na wapi"

Hii ndo ya kwanza ukimtaja tu. Watu wana picha ya Myahudi wa vitabu au wa duka, hawana picha ya Myahudi aliyevaa glavu. Lakini miaka ya 1920 na 1930 ukienda New York, Chicago, Philadelphia au East End ya London, majimu yalikuwa yamejaa vijana wa Kiyahudi, watoto wa wahamiaji waliokimbia Urusi na Poland wakaishia kwenye vyumba vya kubanana, na ulingo ulikuwa njia ya kupata hela ya haraka kama ilivyokuwa kwa Wairishi na Waitaliano wa mitaa ya jirani. Benny Leonard alikaa na mkanda wa dunia wa uzito wa laiti toka 1917 mpaka 1925. Jackie Fields alibeba dhahabu ya Olimpiki Paris 1924 akiwa na miaka 16 tu, baadaye akawa bingwa wa dunia wa uzito wa welta. Na sio Ulaya na Marekani tu, Young Perez alikuwa Mwafrika mwenzetu, Myahudi wa Tunis, akatwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa flai mwaka 1931, halafu Wanazi wakampeleka Auschwitz na aliuawa Januari 1945. Kwa hiyo Ross hakudondoka toka mbinguni, alikuwa mmoja wa wengi.

"Alizaliwa mpiganaji"

Hapana. Jina lake halisi ni Beryl Rosofsky, kazaliwa New York Desemba 1909, kakulia Chicago kwenye mitaa ya Maxwell Street. Baba yake Isidore alikuwa mtu wa dini haswa, msomi wa Talmud (vitabu vya sheria za dini ya Kiyahudi), ana kaduka kadogo ka vyakula, na alichotaka kwa mwanaye ni asome awe mwalimu wa Kiebrania. Kupigana ngumi kwa baba yule ilikuwa aibu, kazi ya wahuni. Na kijana alikuwa anaelekea hukohuko kwa baba.

Desemba 1923 majambazi wakaingia dukani wakampiga risasi mzee, akafa. Beryl alikuwa hajatimiza hata miaka 14. Mama akavunjika kabisa, hakuweza kulea, wadogo watatu wakapelekwa kwenye kituo cha yatima. Ukitaka kumwelewa Ross anzia hapo, usianzie kwenye mikanda. Mtoto aliona familia inagawanywa kama vitu vya mnada, akaacha dini kwa hasira, akazurura na magenge ya mtaani, na aligundua kitu kimoja tu kinachoweza kumpa hela ya kuwatoa wadogo zake kule kituoni, ngumi. Hata jina alibadilisha ili mama asijue kinachoendelea. Akashinda mashindano ya Golden Gloves 1929 kama bondia wa ridhaa, akaingia pro mwaka huohuo. Na alipopata hela ya maana kitu cha kwanza alichofanya ni kuwarudisha wadogo zake nyumbani, chini ya paa moja na mama. Hilo ndilo alilokuwa anapigania miaka yote, na alilipata.

"Ubingwa wa kwanza alibebwa na majaji wa nyumbani"

Tarehe 23 Juni 1933, Chicago, alimpiga Tony Canzoneri kwa pointi raundi 10 na kubeba mikanda miwili kwa mpigo, laiti na junia welta. Ilikuwa karibu karibu kweli, na watu wa New York walilalamika sana kwamba kashinda sababu yuko kwao. Sawa, lakini wanaosema hivyo wanaishia hapo tu. Ross alimpa Canzoneri marudiano, tena New York, uwanja wa Polo Grounds, Septemba mwaka huohuo, raundi 15, na akashinda tena. Sasa mtu aliyebebwa anaenda kufanya nini nyumbani kwa wanaolalamika?

Hapohapo kuna mchanganyo mwingine, watu wanasema bondia wa Kiyahudi aliyetikisa mwaka 1933 ni Max Baer sababu alipanda ulingoni na Nyota ya Daudi kwenye bukta akamchapa Mjerumani Max Schmeling. Ile ilikuwa siku 15 tu kabla ya Ross na Canzoneri, ni kweli ilikuwa na uzito, Hitler kashaingia madarakani toka Januari. Lakini Baer upande wa Uyahudi ulitoka kwa baba yake tu na hakulelewa kwenye dini. Ross ndo aliyekuwa kalelewa humo, na alipotulia kidogo akarudia kwenye sala zake. Kwa Wayahudi wengi wa mitaani yeye ndo alikuwa wao.

"McLarnin alikuwa na chuki na Wayahudi"

Jimmy McLarnin, kazaliwa Ireland kakulia Vancouver, alikuwa kashawachapa mabondia kadhaa wa Kiyahudi kabla ya Ross, na waandishi na mapromota wakampachika majina mabaya ya kuhusu hilo ili tiketi ziuzwe. Chuki ya watazamaji wengine ilikuwepo, siikatai, lakini yale majina yalikuwa ya biashara, tusimbebeshe McLarnin mwenyewe. Walipigana mara tatu kwa mkanda wa welta. Mei 1934 Ross akashinda, Septemba 1934 McLarnin akauchukua, Mei 1935 Ross akaurudisha, na refa wa pambano la tatu alikuwa Jack Dempsey, bingwa wa zamani wa uzito wa juu. Zote kwa pointi, zote raundi 15. Mapambano mawili ya kwanza majaji waligawanyika.

"Armstrong alimpiga KO"

Hii ndo inayoniumiza kuliko zote. 31 Mei 1938, Long Island City, Ross ana miaka 28 lakini mwili umechoka, na mbele yake yuko Henry Armstrong, mashine ya kurusha ngumi isiyopumua, bingwa wa uzito wa feza aliyepanda uzito kuja kutafuta mkanda wa welta. Raundi za kwanza Ross alienda vizuri. Baada ya hapo miguu ikagoma. Akili inajua cha kufanya, miguu haiji, na Armstrong anaingia tu, anaingia tu, anapiga. Kona yake ikataka kusimamisha, refa naye akaangalia kama aendelee kumwacha. Ross akakataa kata kata, akawaambia bingwa ana haki ya kuchagua anavyoondoka. Akala ngumi mpaka kengele ya raundi ya 15, uso umevimba, macho yanafunga, na hakudondoka.

Alishindwa kwa pointi. Kwa pointi jamani. Maisha yake yote ya pro, mapambano karibu 80, vipigo vinne tu na hakuna hata kimoja cha KO. Na hakurudi tena ulingoni, hata hela ilipoisha, maana mbio za farasi zilishamla nyingi.

"Baada ya ngumi akaharibika na unga"

Hapa watu wanaruka miaka. Baada ya Marekani kuingia Vita vya Pili vya Dunia Ross alijiunga na Marine, wanajeshi wa majini wa Marekani, ana miaka 32, umri ulikuwa umezidi na ikabidi apewe ruhusa maalumu. Walitaka abaki nyumbani afundishe ngumi, mahali salama, yeye akaomba apelekwe mbele. Wakampeleka Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki walikokuwa wanapigana na Wajapani.

Novemba 1942 kundi lake dogo likakutana na Wajapani msituni, karibu wote wakajeruhiwa. Ross akakaa usiku kucha kwenye shimo na wenzake waliokuwa hawawezi kusogea, anafyatua bunduki zao zote kwa zamu, zaidi ya risasi 300, na mabomu ya mkono juu. Asubuhi akambeba mwenzake aliyekuwa bado hai mpaka kwenye usalama, na yeye mwenyewe ana vipande vya chuma mwilini. Wakampa Silver Star, nishani ya ushujaa vitani. Majeraha yale na malaria yalimfikisha hospitali, na hospitali ndo walimpa mofini ya kutuliza maumivu. Maumivu hayakuisha, na mofini ikawa haiachiki. Aliporudi Marekani akawa anainunua kwa siri, hela ikaisha, mke akaondoka.

Kwa hiyo sio kweli kwamba bingwa alipata hela akaanza starehe, ni mwanajeshi aliyeletewa ile kitu kwenye sindano ya daktari. Kuna filamu ilitengenezwa 1957 kuhusu maisha yake, ikakazania sana upande wa uteja, na yeye mwenyewe hakuipenda hata kidogo.

Af sikia alichofanya. Mwaka 1946, bila kukamatwa na mtu, akajipeleka mwenyewe serikalini akasema mimi ni mraibu nisaidieni, wakamlaza hospitali ya serikali Lexington, Kentucky, iliyokuwa inalaza wafungwa pia. Waliowahi kuona mtu yuko kwenye arosto wanajua hiyo ni raundi ya aina gani. Akatoka miezi michache baadaye akiwa safi, mkewe akarudi, na akaanza kuzunguka kuongea na vijana kuhusu mofini kwa jina lake kamili, enzi ambazo jambo hilo lilikuwa linafichwa hata ndani ya familia. Aliendelea na kazi hiyo miaka mingi, na Januari 1967 kansa ya koo ikamchukua hapohapo Chicago, ana miaka 57.