Mlichi wa Dar: majani tele, tunda hakuna

Wengi wanaokuja kitaluni kwangu kulalamikia mlichi, yaani mti wa tunda la lichi, hawana mti mgonjwa. Wana mti mnene, umejaa majani, unatoa kivuli kizuri uani kule Mbezi au Kigamboni, ila haujawahi kutoa hata ua. Swali lao la kwanza ni mbolea gani waongeze. Nawajibu: acheni kuulisha.

Asili ya mlichi ni kusini mwa China, na hauchanui vizuri bila kupata baridi. Unataka wiki kadhaa za usiku wa nyuzi 15 hivi au pungufu, tena udongo ukiwa mkavu. Dar, hata Julai, usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19 tu. Watu hunibishia kwamba Madagaska nako ni pwani, na lichi zake zinakwenda Ufaransa kila Krismasi. Ni kweli, lakini Toamasina, kwenye pwani hiyo ya Madagaska, iko digrii 18 kusini mwa ikweta, sisi hata 7 hatufiki. Kipupwe chao kina makali. Chetu kinamalizwa na khanga begani.

Basi baridi isiyotosha tunaisaidia kwa kiu na njaa. Kuanzia Aprili, mbolea za urea na CAN na hata samadi ya kuku zikae mbali na mti. Masika yakikatika, funga maji. Shabaha ni majani ya mwisho yakomae kabla ya Juni, kisha ncha za matawi zilale. Zikague Julai. Ukiona vijani laini vya rangi ya shaba vimechomoza, tawi hilo usilitegemee tena mwaka huo. Ukiona kikonyo kimejaa vinundu vidogo vidogo, hilo ni shada la maua. Rudisha maji taratibu, na usikatize mpaka kuvuna. Mti ukishikwa na kiu vitunda vikiwa na ukubwa wa njegere, vinapukutika. Ukikauka kisha ukamwagiwa maji mengi ghafla, maganda yanapasuka.

Mti mchanga usiutese hivyo. Miaka mitatu minne ya kwanza ni maji na matandazo tu, kwa sababu mizizi yake iko juujuu na jua letu linaichoma.

Mbegu sikushauri. Ikitoka kwenye tunda inakufa ndani ya siku chache, na hata ikiota unaweza kungoja miaka 10 na zaidi. Mimi naotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini. Nachagua tawi la unene wa kidole gumba, nabandua pete ya gome yenye upana wa sentimita 3 hivi, nakwangua ule utelezi wote, maana ukibaki gome litaunga tena. Halafu nafunika kwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa na kukamuliwa, nazungushia nailoni angavu, nakaza kamba juu na chini. Baada ya miezi miwili mitatu mizizi inaonekana kwa nje. Ikiwa bado myeupe ni dhaifu mno. Ikianza kuwa kahawia ndipo nakata, napunguza majani nusu na kuweka mche kivulini. Mche wa namna hii hauna mzizi mkuu, kwa hiyo ukishaupanda simika fito mbili uufungie, la sivyo kusi itaulaza.

Udongo unaoupenda una uchachu kidogo, pH 5 hadi 6.5. Mtaa wa Wazo na maeneo ya jirani kuna chokaa, na huko majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Pugu na Kisarawe ni afadhali. Halafu kuna chumvi: visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya magadi, na mlichi hauyavumilii. Dalili ni ncha na kingo za majani kuungua zikawa kahawia. Kinga maji ya mvua kwenye simtanki, au tumia ya bomba.

Mwenye nafasi ya mti mmoja tu, na anataka kula tunda, namuuzia mshokishoki. Ni ndugu wa mlichi, hauhitaji baridi, na Muheza na Unguja unazaa bila kubembelezwa. Ila achukue mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kijiti cha mti unaozaa, maana wa mbegu unaweza kutokea dume, na hilo utalijua baada ya miaka ya kuumwagilia.