Viatu vya motari anayeanza: maswali na majibu

Goma ni mji wa mawe. Hata penye lami, kando yake kuna mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na mitaa iliyofunikwa na lava ya Januari 2002 bado ina makali yanayotoboa soli nyembamba. Maswali haya huulizwa sana na vijana wanaoanza kuendesha pikipiki za abiria mjini humu.

Siendi mbio. Viatu vizito vya nini?

Anayeanza huangushwa zaidi na mwendo mdogo: anageuza kwenye kokoto, injini inazimika mlimani, au anasimama na mguu unakosa pa kukanyaga. Pikipiki ya kazi ina zaidi ya kilo 100. Ikilala, mguu unabaki kati ya chuma na jiwe, na kifundo ndicho kinachopinda kwanza. Tena mgeni wa pikipiki ana tabia ya kushusha mguu ili azuie kuanguka. Huwezi kuzuia kilo 100 kwa mguu mmoja. Unachopata ni mfupa uliovunjika.

Kandambili, sandali za tairi, raba?

Kandambili na sandali, hapana. Kiatu kinachochomoka ukipiga teke hewani kitachomoka kabla hujafika chini. Raba ni afadhali, ila kitambaa chake hutoboka upesi kikiburuzwa, na kifundo kinabaki wazi.

Nitajuaje kama buti ni nzuri, hasa ya mtumba?

Iguse, usiitazame tu. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, kisha sokota kama unayekamua nguo. Ikisokoteka kirahisi, kifundo chako nacho kitasokoteka. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa kidole gumba: pasibonyee. Kunja soli: ikunjike pale vidole vinapokunjika, isikunjike katikati. Shingo ya buti ipite mfupa wa kifundo pande zote mbili, na soli iwe na kisigino kilichosimama, ili mguu usiteleze mbele kwenye kikanyagio.

Ngozi ya kweli huonekana kwenye ukingo uliokatwa: utaona nyuzinyuzi. Ukiona kitambaa kilichopakwa plastiki, hicho kitachanika.

Kwenye mtumba kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Soli nyingi nyepesi ni za poliyurethani, na hizo huoza zenyewe baada ya miaka, hata kama buti haijawahi kuvaliwa. Inang'aa sokoni, na wiki mbili baadaye soli inamong'onyoka kama mkate mkavu. Ikwaruze kwa ukucha. Ikitoa unga, iache. Buti za usalama za kiwanda zina kibandiko, mara nyingi kwenye ulimi, chenye tarehe ya kutengenezwa. Isome.

Buti za wajenzi, zenye chuma mbele, zinafaa?

Kwa mfuko wa motari wa kawaida, ndizo chaguo letu la kwanza, mradi ziwe za shingo ndefu. Zenye alama S3 zina kinga ya vidole inayohimili joule 200, karibu sawa na jiwe la kilo 20 likianguka kutoka mita 1, na soli isiyotobolewa kirahisi na msumari. Buti za pikipiki hasa huandikwa EN 13634, kiwango cha Ulaya cha viatu vya pikipiki. Hizo zimepimwa pia kwa kuburuzwa na kwa kubanwa ubavuni, kwa hiyo ukizipata, chukua hizo.

Watu husema chuma kitakata vidole. Uzito wa kukunja chuma hicho ungevisaga vidole hivyo hata bila buti. Shida ya kweli ni nyingine: ncha nene haiingii vizuri chini ya pedali ya vitesi. Mwambie fundi alegeze bulo (bolti) ya pedali na kuipandisha jino moja, kisha ufanye mazoezi uwanjani kabla ya kubeba mtu.

Kamba ndefu zikate au uzifiche ndani. Kitanzi kikishika pedali, utataka kushusha mguu na hautashuka.

Na buti za mpira wakati wa mvua?

Zinazuia maji, basi. Zinacheza mguuni, hazishiki kifundo, na mpira ukigusa bomba la moshi unayeyuka.

Saizi?

Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa kazini. Vidole visiguse mbele, kisigino kisipande ukitembea.

Bomba la moshi limeniunguza mimi au abiria. Nifanye nini?

Vua kiatu na soksi, ila usibandue kilichogandia kwenye ngozi. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi. Kidonda kikipita ukubwa wa kiganja, au kikiwa kwenye kifundo chenyewe, nenda kituo cha afya.

Abiria huungua sana kwa sababu ya barabara zetu: tunatembea kuume, anashukia kuume, na bomba mara nyingi liko kuume. Toka kabisa barabarani, simama, kisha umwambie ashukie kushoto.

Nimeanguka, kifundo kimevimba. Nivue buti?

Kikiwa kimepinda vibaya, usivute. Legeza kamba zote, au kata buti. Tazama vidole: vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, ni dharura. Kama huwezi kupiga hatua 4, au mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa, pigwa radio (picha ya mifupa) kabla mtu yeyote hajaukanda mguu huo. Kidonda chenye udongo kinahitaji kuoshwa vizuri, na sindano ya pepopunda ikiwa ya mwisho imepita miaka 5.

Buti zinalowa kila siku na miguu inawasha.

Hiyo mara nyingi ni fangasi. Beba soksi za pili, zibadilishe mchana. Usiku toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka penye hewa. Usiziweke karibu na mbabula (jiko la makaa): ngozi inapasuka na gundi inaachia.