Servo ya usukani imekufa? Tafuta kwanza kilichoiua

Magari makubwa ya rimoti, yale ya kipimo cha 1/5 (moja ya tano ya gari halisi) kama HPI Baja 5B na Losi 5IVE-T, hufika mezani kwangu na lalamiko moja kuliko mengine yote: usukani hausikii. Gari linawaka, mafuta yanaitika, breki zinashika, ila magurudumu ya mbele yamejifia. Na mara nyingi mwenye gari ameshahukumu kesi kabla hajanifikia. Ameagiza servo mpya, kile kiboksi chenye mota kinachogeuza magurudumu ya mbele, anataka nimfungie tu aondoke.

Huwa namwomba avute subira. Servo ya kilo 30 au 40 (yaani yenye nguvu ya kuinua kilo hizo kwenye mkono wa sentimita moja) haifi hovyo. Ikifa, kuna kitu kimeiua, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari, kinaisubiri hiyo mpya.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, maana bila hapo vipimo vyote vitakuwa ramli. Ndani ya kile kiboksi mna mota ndogo, msururu wa gia, potenshiometa iliyoshikana na shafti ya mwisho, na saketi ya kuviongoza. Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya gari, hutuma mpigo wa umeme kila baada ya milisekunde 20 hivi. Mpigo ukiwa na urefu wa milisekunde 1.5, servo inakaa katikati. Ukisogea kuelekea 1 inakwenda upande mmoja, ukielekea 2 inakwenda upande wa pili. Saketi inasoma potenshiometa ijue shafti iko wapi, inalinganisha na ilichoagizwa, kisha inaisukuma mota mpaka viwili hivyo vilingane. Visipolingana, inaendelea kusukuma. Gurudumu likiwa limebanwa na jiwe, saketi haina habari. Itamwaga umeme wote iliyo nao mpaka jiwe litoke, jino la gia likatike, au transista iungue.

Kwenye gari dogo la kilo mbili, hilo halina madhara makubwa. Hapa tunazungumzia gari la kilo 8 hadi 15, matairi mapana, na mwendo unaopita kilomita 60 kwa saa. Usukani ukifa kwenye mwendo huo hujaharibu gari tu, umevunja mguu wa mtu.

Kazi ya kwanza haidai kifaa zaidi ya bisibisi. Weka gari kwenye stendi, magurudumu yote yaning'inie. La petroli lizime injini. La umeme chomoa nyaya za mota kubwa, kwa sababu utakuwa unachezea nyaya za risiva na sitaki likurukie mezani. Kisha fungua kiungo kinachounganisha mkono wa servo na wenzo wa usukani. Sasa umegawa tatizo katika nusu mbili: servo upande huu, chuma na magurudumu upande ule.

Umeme ukiwa umezimwa, zungusha mkono wa servo kwa vidole, taratibu, bila kulazimisha. Servo nzima yenye gia za chuma inakubali kwa ubishi, na kidoleni unaisikia mota ikizunguka kwa ndani, mzigo laini usiokatika. Ikizunguka bure, bila ubishi wowote, meno yameliwa au shafti imeachana na gia. Ikienda kidogo halafu ikagota pale pale kila mara, kuna kipande cha jino kimenasa. Nimewazoesha vijana wa karakana wafanye hivi wakiwa wamefumba macho, maana macho yanapenda kutazama rangi ya kiboksi badala ya kusikiliza kidole.

Washa umeme, kiungo kikiwa bado kimefunguliwa. Servo ikikimbilia upande mmoja na kuganda huko, shuku potenshiometa: saketi haipati habari ya shafti, inasukuma gizani. Ikitetemeka katikati bila kutulia, potenshiometa imechakaa au mpigo unaoingia ni mchafu. Ikiguna bila kusogea, mota inapata umeme ila gia zimekwama. Na ikiwa kimya kabisa, usiizike bado. Ukimya una sababu nyingi, na nyingi ziko nje ya servo.

Kujua ziko wapi ni rahisi. Chomeka servo ya usukani kwenye chaneli ya mafuta, halafu bonyeza kichapuzi cha rimoti. Ikitikisika, servo ni mzima, na shida iko kwenye chaneli ya kwanza ya risiva au kwenye mipangilio ya rimoti. Isipotikisika, chukua servo nyingine yoyote unayojua inafanya kazi, hata ndogo ya bei poa, uichomeke kwenye chaneli ya usukani. Hiyo ikitikisika, ile ya kwanza ndiyo mbovu. Kifaa cha kupimia servo, kile kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, hufanya kazi hiyo hiyo bila risiva wala rimoti, na bei yake haifikii hata robo ya servo. Sielewi mtu anawezaje kumiliki gari la mamilioni akakosa hicho.

Kwa magari ya petroli kuna la ziada. Cheche za plagi hutoa kelele za umeme zinazoweza kuingia kwenye waya mrefu wa servo, hivyo usukani unatikisika injini ikiwaka na kutulia ikizimwa. Tazama namba ya plagi. Kwenye plagi za NGK herufi R katikati, kama CMR7H, inamaanisha ina rezista ya kuzuia kelele hizo. Mtu akikufungia isiyo na R, utahangaika na servo isiyo na kosa. Redio za siku hizi za 2.4 GHz zinavumilia zaidi kuliko zile za zamani za 27 na 40 MHz, lakini waya wa servo ni ule ule.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe: umeme.

Watu wengi hupima betri, wakaona volti 7 na kitu, wakaridhika. Hiyo ni volti ya betri iliyopumzika. Servo kubwa ikibanwa inaweza kuvuta ampia 8 kwa kishindo kimoja, na umeme huo wote unapita kwenye waya mwembamba, swichi ndogo ya plastiki, na soketi zenye pini nyembamba za kuvuta ampia chache tu. Kila kimoja kina ukinzani wake. Ukijumlisha swichi, soketi mbili na waya, ukapata omu 0.3, basi ampia 8 zinakula volti 2.4 njiani. Pakiti ya volti 6.6 inafika kwenye risiva ikiwa na 4.2, na hapo hatujagusa udhaifu wa betri yenyewe ikiwa imezeeka. Risiva nyingi zikishuka kwenye volti 3 na kitu hujizima na kuwaka upya.

Pima hivi. Rudisha kiungo cha usukani, shusha gari chini, kwenye sakafu yenye kushika. Chomeka ncha za mita kwenye chaneli tupu ya risiva, nyekundu kwenye pini ya chanya na nyeusi kwenye hasi. Mwambie mwenzako azungushe usukani kushoto na kulia kwa nguvu, gari likiwa limesimama, huku wewe ukiangalia namba. Gari lililosimama ndilo zito kupita yote kwa usukani. Mita yenye kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa ni bora, kwa kuwa mita ya kawaida ni mvivu, ikikuonyesha 5.2, ujue kuna wakati ilishuka zaidi na hukuiona.

Kuna mteja wangu mwenye gari la petroli, analiendesha kwenye mchanga wa ufukweni Kigamboni. Malalamiko yake yalikuwa mawili, na aliamini hayahusiani: servo imeungua, na kabla haijaungua injini ilikuwa ikizimika kwenye kona kali. Kwa hiyo injini aliipeleka kwa mtu wa kabureta, servo akaniletea mimi. Nikafunga servo ya majaribio, nikaweka mita. Ikiwa imetulia, volti 6.6. Kona ya kushoto, 4.1. Tena, 3.9, na taa ya risiva ikapepesa. Gari lake lina swichi ya usalama inayozima injini risiva ikipoteza mawasiliano, kama inavyopaswa kuwa kwenye kila gari la petroli. Kila alipokata kona, servo ilivuta umeme, risiva ikazimia, swichi ikakata moto. Kabureta ilikuwa haina neno.

Nilifungua ile swichi ya kuwashia. Ndani kulikuwa na unga wa kijani kwenye shaba, chumvi ya bahari imekula viguso vyote. Upepo wa pwani tu unatosha kuleta hayo, si lazima gari litumbukie majini.

Sasa, fundi mwenye haraka angebadilisha swichi, akaweka servo mpya, akachukua hela. Na servo hiyo ingeungua upesi kuliko ya kwanza. Joto la mota iliyobanwa linapanda kwa mraba wa volti: ukitoka volti 4 kwenda 6.6, joto ni zaidi ya mara mbili na nusu. Ile swichi mbovu ilikuwa inainyima servo umeme, na kwa kuinyima ilikuwa inaichelewesha kufa. Iliyoiua hasa ni nusu ya pili, ile ya chuma.

Tukarudi kwenye magurudumu, kiungo kikiwa kimefunguliwa. Usukani mzima unapaswa kwenda pande zote mbili kwa kidole kimoja. Wa kwake ulidai mkono mzima, na kuelekea kushoto ulisaga kwa sauti ya kukwaruza. Bushi za wenzo wa usukani zilikuwa zimejaa mchanga uliochanganyika na grisi. Hapo nina ugomvi na watu wa grisi: kwenye gari la mchangani, grisi iliyo wazi inakusanya mchanga na kuugeuza msasa. Nimeweka beringi zenye kifuniko, nikaacha kavu. Angalia pia bolijointi na tairodi. Iliyopinda kidogo inabana upande mmoja tu, na servo inaguna upande huo pekee.

Baada ya hapo nikaangalia kikomo cha mwendo, kilichoandikwa EPA kwenye rimoti nyingi. Chake kilikuwa asilimia 120 pande zote, kwa nia njema ya kupata kona kali. Lakini magurudumu yalikuwa yanagota kwenye kizuizi kabla servo haijafika inakotaka, kwa hiyo kila kona aliyoshikilia ilikuwa ni servo inapigana na chasisi. Namna ya kupanga ni kushusha EPA chini, kisha kuipandisha kidogo kidogo usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, ukisikiliza. Magurudumu yakigota utasikia mguno. Rudi nyuma pointi mbili tatu mpaka mguno ukatike. Fanya kila upande peke yake, kwani ni nadra vilingane.

Kinga ya servo, ile springi kwenye wenzo inayomeza mshtuko gurudumu likigonga kisiki, nayo ina kiasi chake. Ikikazwa kupita kiasi, mshtuko wote unaishia kwenye meno ya gia. Ikilegea mno, servo inazunguka na magurudumu hayafuati, na mwenye gari anasema servo haina nguvu.

Ile iliyoungua niliifungua, kama kawaida yangu. Skrubu nne ndefu chini, kifuniko cha juu kinatoka na gia zote mbele yako. Zipige picha kabla hujagusa, mpangilio wake unasahaulika upesi. Gia zilikuwa salama. Potenshiometa niliipima kwa omu, nikizungusha shafti polepole. Nyingi ni za kiloomu 5, na namba inapaswa kutiririka bila kuruka. Ilitiririka. Mota niliipa volti 3 moja kwa moja, ikazunguka. Saketi ndiyo ilikuwa na transista mbili zilizopasuka juu, na ile harufu. Kwa maoni yangu gia na potenshiometa ni za kubadilisha. Saketi si ya kuhangaika nayo, kwa sababu mipangilio imo kwenye chipu na huwezi kuinunua peke yake. Ile mota na gia nimezihifadhi kwa spea.

Ukinunua mpya, hesabu meno ya shafti kabla ya kulipa. Futaba ni 25, Hitec 24, JR 23, na baadhi ya servo kubwa kabisa za 1/5 zina meno 15 manene. Mkono wa meno 24 unaingia kwa nguvu kwenye shafti ya 25 na kuharibu vyote viwili. Hakikisha pia volti inayoruhusiwa: pakiti ya lithiamu polima ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, na servo ya volti 6 haitaipenda. Gari la umeme linalolisha servo kupitia kidhibiti cha mota, soma kidhibiti hicho kinatoa ampia ngapi. Kikiwa cha 3 hadi 5, weka kigeuzi cha volti cha nje cha ampia 10 au zaidi. Kapasita inayochomekwa kwenye risiva inasaidia kwa mishtuko mifupi tu. Waya mwembamba haitaunenepesha.

Kabla hujafunga mkono, washa umeme, weka trimu (kirekebishi cha katikati kwenye rimoti) sifuri, acha servo ijipange katikati yenyewe, ndipo uchomeke mkono ukiwa wima na kukaza skrubu kwa gundi ya kuizuia isilegee. Endesha polepole dakika tano, simamisha, weka kidole kwenye kiboksi. Vuguvugu ni sawa. Kidole kikishindwa kukaa hapo, zima, ufungue kiungo tena.