Mshipa Haujafa, Acheni Kuuchaji

Juzi afande mmoja mstaafu ameingia kliniki na kigutu cha chini ya goti, na juu yake mashine ya kukanda mwili aliyonunuliwa na mwanawe huko Kampala. Pedi zote mbili amezibandika kwenye ncha ya kigutu, kipimo kimepandishwa hadi mwisho, msuli unarukaruka wenyewe. "Musawo (daktari), nachaji mshipa. Umekufa, nataka uamke." Nilizima mashine kwanza, salamu zikafuata.

Kuchaji huku nimekusikia Gulu kwa waliokanyaga mabomu ya ardhini, nimekusikia Busia kwa madereva wa malori, na siku hizi nakusikia zaidi kwa vijana wa boda. Nimechoka kurudia, ndiyo maana naandika.

Mshipa wa fahamu uliokatwa haujafa. Ungekufa ungenyamaza, nawe ungelala usingizi. Shida ni kwamba uko hai kupita kiasi. Ile ncha huchipua vijinyuzi visivyo na pa kwenda, vikajisokota kuwa kinundu tunachokiita nyuroma, na kinundu hicho hutuma ishara hovyo, ukikigusa na hata usipokigusa. Huko juu uti wa mgongo umeshakuwa mwepesi wa kushtuka, na ubongo bado unatunza ramani ya mguu mzima. Ndiyo maana vidole visivyokuwepo vinawaka moto saa nane za usiku. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyetibu majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliandika kuhusu viungo kama hivi visivyokuwepo mwaka 1871, kwa hiyo anayekwambia ni pepo amechelewa sana.

Sasa umeme. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ishara za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo hukuta kama lango, na nyuzi nene za fahamu, zile zinazobeba mguso, zinaweza kulibana lango hilo. Ndiyo sababu ukijigonga goti mkono unakimbilia kulisugua. Nadharia yenyewe imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki. Mashine ya TENS, yaani ya kutuliza maumivu kwa umeme mdogo wa betri unaopitia pedi, husisimua nyuzi hizo nene kupitia ngozi. Haijazi kitu wala haiungi kitu. Ukiizima, hakuna umeme uliobaki ndani yako.

Kinachonikera hasa ni hili la "ongeza, ongeza". Nyuzi nene huamka kwa umeme mdogo. Ukizidi kupandisha unaanza kuziamsha nyembamba, na nyembamba ndizo zinazobeba maumivu. Yaani mtu anauma meno, jasho linamtoka, anamaliza betri, na kazi yote hiyo ni kujiongezea kilichomleta hospitali! Wazee wa jeshi ndio wagumu zaidi; kwao dawa isiyochoma si dawa. Lakini wenzangu nao wana kosa lao la upande wa pili, kuweka kipimo chini kabisa "mgonjwa asije akashtuka". Umeme usiosikika haufanyi kitu; mara nyingi watafiti wakitaka tiba ya kuigiza huo ndio wanaotumia. Tunachotafuta ni mtekenyo wenye nguvu, usiouma, usiokaza msuli. Mimi huanza na mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, kwa nusu saa au zaidi. Mwili utazoea na mtekenyo utafifia. Hapo ongeza kidogo, taratibu.

Na pedi haziwekwi kwenye ncha ya kigutu. Tafuta mshipa wenyewe huko juu. Aliyekatwa chini ya goti, nyuma ya goti. Aliyekatwa juu ya goti, nyuma ya paja. Kisha muulize mgonjwa mtekenyo unafika wapi. Mama mmoja nilimsogezea pedi nyuma ya paja kidogo kidogo hadi akashika mdomo: "Umefika kidole gumba!" Kidole hicho kilishazikwa kijijini kwao. Hapo ndipo mahali pake, weka alama ya kalamu.

Mama huyo ana kisukari, kwa hiyo kabla ya yote nilipima ngozi kwa pamba na kwa ncha ya sindano. Pasiposikia chochote hatubandiki, maana anaweza kuungua asijue. Ngozi ioshwe kwa sabuni, ikauke. Watu wa Gulu, moo yaa (mafuta ya shea) ni mafuta mazuri, lakini yapakeni baada ya tiba. Pedi haishiki juu ya mafuta, na umeme haupiti vizuri.

Je, inasaidia? Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2010, na tena ya 2015, yalitafuta majaribio yenye kulinganisha wagonjwa kwa bahati nasibu kwa maumivu ya aina hii, na hayakupata hata moja lililofaa. Ninachokiona mwenyewe ni mchanganyiko: wapo wanaopata nafuu ya kulala, wapo ambao nafuu inaisha pindi mashine inapozimwa, na wachache huzidiwa. Sijui ni kiasi gani ni umeme na ni kiasi gani ni imani, kwa sababu anayetekenywa anajua anatekenywa. Naendelea kuitumia kwa kuwa ni ya bei nafuu na madhara yake ni madogo, ikiwa pamoja na dawa ya amitriptilini na mazoezi ya kioo, yaani kutazama mguu mzima kwenye kioo kama vile ndio uliokatwa. Na kwanza kabisa naukagua mguu wa bandia. Kigutu husinyaa, soketi (kikombe cha mguu wa bandia kinachoshika kigutu) inalegea, inakwaruza juu ya nyuroma, halafu mtu anatafuta umeme wakati anachohitaji ni fundi wa karakana.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiiguse TENS kabla ya kuonana na daktari wake. Usibandike mbele ya shingo, juu ya kidonda, wala kwenye tumbo la mjamzito. Usiitumie ukiwa unaendesha boda. Na zile mashine za mitaani zinazochomekwa moja kwa moja ukutani, zisizo na maelezo wala kipimo kinachoeleweka, hizo sizitaki karibu na kigutu cha mtu yeyote.